Bwana Hayupo na Watoto Wake

Muuguzi aliingia ofisini kwa mwalimu mkuu bila kubisha hodi, bado amevaa sare ya zamu aliyotoka kuimaliza, akaweka simu yake juu ya meza na kusema, "Mwalimu, naomba unihesabie."

Mwalimu mkuu akaitazama ile simu. Ilikuwa imefunguliwa kwenye ukurasa wa wazazi, ule ambao shule ilikuwa imeuzindua majuzi tu kwa hotuba na soda. Juu palikuwa na jina la binti wa muuguzi, darasa la tatu. Chini yake alama za hesabu, ambazo hazikuwa mbaya. Chini zaidi palikuwa na neno "Ndugu", na hapo majina yaliteremka, yakateremka, mpaka mwalimu mkuu akachoka kusukuma kioo kwa kidole.

"Mimi nimezaa mara moja," muuguzi alisema. "Baba wa mwanangu yuko kaburini tangu mtoto hajaota meno. Sasa hawa wengine, mwalimu, amewazaa akiwa huko huko?"

Mwalimu mkuu akakohoa. Akamkaribisha mama huyo kiti, akampigia simu mtu aliyeutengeneza mfumo.

Mtu huyo alikuwa mwanamke mwenye kazi ya kuunda programu, na wenzake walimwita Bi Lazima. Jina hilo alilipata kihalali. Katika kila mfumo aliowahi kuuunda, kila kisanduku kilikuwa na nyota nyekundu pembeni na onyo chini yake: lazima kijazwe. Ukikiacha wazi, mfumo unakugomea. Wenzake walimtania kwamba hata salamu akipewa nusu haitikii. Yeye hakujali. Aliamini, na alikuwa akilisema vikaoni bila kupepesa macho, kwamba nafasi tupu kwenye jedwali ni uvivu wa mtu fulani, na atakayeulipia ni mwingine.

Shule ile aliijua vizuri, maana binti yake mwenyewe alisoma pale, darasa la tano. Mfumo wake aliujenga juu ya kiunzi, yaani mifupa ya programu ambayo watu wengine wamekwisha kuiunga. Kazi yako wewe ni kuivika nyama. Nyuma ya kiunzi ipo hifadhidata, ghala lenye majedwali: jedwali la watoto, la wazazi, la alama, la mahudhurio. Raha ya kiunzi ni kwamba huna haja ya kuzungumza na ghala kwa lugha yake. Unaandika kwa maneno machache kwamba kila mtoto ana baba, kiunzi kinakwenda chenyewe kulieleza ghala, na tangu hapo mtoto asiye na baba hapokelewi mlangoni. Kwa ajili ya ukurasa mpya wa wazazi alikuwa ameongeza sentensi moja tu: watoto wenye baba mmoja waonyeshwe kuwa ni ndugu. Aliiandika akinywa chai, akaona imekaa vizuri, akaendelea na mengine.

Sasa alikuwa amekaa pembeni mwa meza ya mwalimu mkuu, kompyuta mapajani, muuguzi akimwinamia begani. Hakuchukua muda kumpata baba mwenyewe.

"Anaitwa Hayupo," alisema.

"Hayupo nani?" mwalimu mkuu akauliza.

"Hayupo Hayupo. Kazi, Hayupo. Anwani, Hayupo. Ana watoto thelathini na kitu, kuanzia chekechea mpaka darasa la saba."

"Mtu ana bidii huyo," alisema muuguzi.

"Lakini namba ya simu ni ya kweli. Mfumo wangu haupokei namba ya kubuni. Kwanza hutuma tarakimu za uhakiki, na mtu alizipokea, akazijaza."

"Basi mpigie," alisema muuguzi. "Mimi nina maneno naye."

Bi Lazima akapiga, akaweka sauti ya wazi. Simu ikaita upande wao, na papo hapo ikaita upande wa pili wa ukuta. Wote watatu wakautazama ukuta. Kisha mlango ukafunguka, akaingia karani wa shule, mzee mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, simu inaimba mkononi. Walimu walimwita Mzee Muhuri kwa sababu hakuna karatasi iliyotoka pale bila kugongwa muhuri mara mbili, mara ya pili kwa kujiridhisha.

"Samahani, mwalimu," alisema. "Kuna namba ngeni inanipigia, niitikie au niache?"

Bi Lazima akakata simu, na ile ya mzee ikanyamaza. Karani akaitazama, akamtazama Bi Lazima, akaona ile kompyuta mapajani, akaelewa. Akavuta kiti akakaa bila kukaribishwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika ofisi ile.

"Shikamoo, mzee," alisema Bi Lazima, kwa kuwa alilelewa hivyo hata wakati wa hasira.

"Marahaba, mwanangu. Mfumo wako ndio ulionifikisha hapa. Sikulaumu, nakueleza tu."

Akaeleza. Siku za usajili foleni ilifika getini. Anakuja mama, mtoto kamshika mkono, begi jipya mgongoni. Karani anauliza, baba? Mmoja anatazama chini. Mwingine anasema alikufa. Mwingine anainama dirishani na kunong'ona, mzee, hilo usiniulize mbele za watu. Karani akibonyeza kwenda mbele, mfumo unagoma. Nyota nyekundu. Lazima.

"Mtoto amesimama pale ananitazama," alisema Mzee Muhuri. "Nimrudishe nyumbani kwa sababu ya nyota? Nikaandika Hayupo. Ukataka jina la pili, nikaandika Hayupo. Ukataka namba ya mtu aliye hai, nikaweka niliyoijua kwa kichwa. Wa pili alipokuja, jina lilikuwa limeshakuwamo, nikalichagua tu. Mpaka jioni nilikuwa nimezaa wengi."

Mwalimu mkuu alifunika uso kwa kiganja. Haikujulikana kama alikuwa anacheka.

"Halafu zikaanza kuja," aliendelea karani. "Zile jumbe zako. 'Mzazi mpendwa, mwanao hakufika shuleni leo.' Ya kwanza nilidhani imepotea njia. Nikaiweka simu mezani, nikaendelea na kazi. Lakini kazi haikwenda. Mtoto hakufika, na mimi nimeambiwa. Mtu akishaambiwa ameambiwa."

Akampigia mama wa mtoto. Mama alikuwa kiwandani, kule ambako simu hufungiwa kabatini mpaka kengele ya kutoka. Basi mchana, badala ya kwenda kula, mzee akatembea mpaka nyumbani kwao. Akamkuta mtoto peke yake kitandani, ana homa, hajala. Akampeleka zahanati, akakaa naye mpaka mama akarudi. Tangu siku hiyo hakuna ujumbe uliopita bila kuufuatilia. Wa utoro aliufuata kwa miguu. Wa alama mbaya aliuchukua mpaka darasani, akaomba kuona daftari. Wa alama nzuri, alisema, aliusoma mara mbili.

Muuguzi akamgeukia karani. "Wewe ndiye uliyenipigia wodini," alisema, "siku mwanangu alipozimia mstarini."

"Ndiye."

"Nilidhani ni shule."

"Nami nilijitambulisha kuwa ni shule," alisema karani. "Ningesemaje?"

Mwalimu mkuu akakata shauri. Akasema nia njema haina ubishi, lakini taarifa za watoto wa watu zimekuwa zikimiminika kwenye simu ya mtu asiye mzazi, na mama zao hawana habari. Wakaguzi wakilisikia hilo, hatasalia mtu. Huyo Hayupo afutwe leo, kabla ya kengele ya mchana, na habari iishe.

Muuguzi alitikisa kichwa kukubali. Bi Lazima naye akakubali. Kwa sheria yoyote ya kazi yake, mwalimu mkuu alikuwa sahihi. Kilichobaki kilikuwa kubonyeza kitufe.

Mzee Muhuri alisimama. Mke wake alifariki zamani, na mtoto hawakujaliwa. Hilo kila mtu pale shuleni alilijua na hakuna aliyelitaja. Alifika mlangoni, akageuka.

"Mwanangu," alimwambia Bi Lazima, "usinifute."

Akatoka. Muuguzi naye akaenda zake kulala. Bi Lazima akahamia chumba kidogo cha maktaba, akaketi kati ya ramani zilizokunjwa na tufe la dunia lililobonyea upande mmoja, akafungua jedwali la wazazi.

Alikuwa amekasirika, na hasira yake ilimwelekea karani. Mtu amepewa mfumo safi, akaujaza uongo. Maneno yale ya mlangoni hayakuwa yamemgusa bado, au yeye alijiambia hivyo. Akaweka alama kwenye jina la Hayupo Hayupo, akabonyeza futa.

Kiunzi kina adabu moja: kabla ya kufuta hukuonyesha kitakachofutika, kisha huuliza kama una hakika. Bi Lazima alitarajia mstari mmoja. Ikatokea mistari iliyojaza kioo. Juu kabisa, Mzazi: Hayupo Hayupo. Chini yake, mtoto baada ya mtoto, na chini ya kila mtoto mahudhurio yake, alama zake, picha yake, chanjo zake. Binti wa muuguzi alikuwamo. Wote wangeondoka na baba yao.

Hakuwa na wa kumlaumu. Kiunzi hakikuruhusu uandike kwamba mtoto ana baba mpaka ujibu swali moja: baba akifutwa, mtoto afanyweje? Majibu yapo. Mtoto abaki, na nafasi ya baba iwe tupu. Au kufuta kukataliwe kabisa. Au mtoto afutwe pia. La kwanza halikuwezekana, kwa sababu yeye mwenyewe alikwisha kupiga marufuku nafasi tupu. La pili aliliona ni usumbufu. Akachagua la tatu, ambalo ndilo linalopatikana katika mifano ya wanafunzi, na hakulifikiria tena. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Alikuwa amesimama ukingoni, kidole juu ya kitufe.

Akakiondoa kidole. Mikono akaikalia.

Nakala ya akiba ilikuwapo, ya jana yake, na watoto wangeweza kurudishwa. Hilo alilijua. Lakini alijua pia kwamba angebonyeza kwa moyo mmoja, kwa kujiamini, akiwa bado amemkasirikia mzee wa watu kwa uzembe.

"Umemaliza?" mwalimu mkuu aliuliza, kichwa mlangoni.

"Nikimaliza hivi ninavyoona, kesho utafundisha madawati."

Mwalimu mkuu akaona si wakati wa kuuliza zaidi, akarudisha kichwa chake.

Bi Lazima akairudia sentensi yake ya zamani, akaiandika upya: mtoto aweza kuwa na baba, asipokuwa naye, paachwe wazi, na baba akifutwa, mtoto abaki. Nyota nyekundu akaiondoa. Kiunzi kikaisoma, kikaandaa hatua ya kulibadilisha ghala, akaijaribu kwanza kwenye nakala, kisha kwenye ghala lenyewe. Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Ilishangaza jinsi ilivyokuwa ndogo, ukilinganisha na foleni ile ya getini.

Sasa kumfuta Bwana Hayupo kulikuwa salama. Lakini alikuwa fundi mwenye tabia ya kukagua kabla ya kubomoa, akataka kujua ni jumbe zipi zitakazokosa wa kuzipokea. Mfumo wake uliweka kumbukumbu ya kila ujumbe: umetumwa, umefika, umefunguliwa. Akaliamuru ghala liunganishe jedwali la wazazi na lile la jumbe, liwapange akina baba wote kwa kadiri walivyosoma.

Wa kwanza alikuwa Hayupo Hayupo. Hakuna ujumbe aliouacha bila kuufungua. Chini yake walifuata akina baba wa kweli, wengine hodari, wengine wakifungua za alama nzuri tu na kuzipita za utoro kama hawakuziona. Akaendelea kuteremka bila kutafuta kitu. Chini kabisa walikuwa wale ambao hawakuwahi kufungua hata mmoja, na miongoni mwao alikuwamo baba wa binti yake.

Kila kisanduku chake kilikuwa kimejaa. Majina matatu, kazi, anwani ya mji alikohamia, namba iliyohakikiwa. Bi Lazima aliyajaza mwenyewe, siku ya usajili, kwa mwandiko wa mtu asiyeacha pengo. Hajasoma hata mmoja. Si wa alama, si wa kikao, si ule wa siku mtoto alipovunjika mkono uwanjani na yeye Bi Lazima alikuwa kwa mteja, simu ameizima.

Iliuma. Halikuwa jambo geni, alikuwa akilijua kama mke anavyojua, lakini hakuwahi kulisoma likiwa limepangwa mstari kwa mstari na ghala lisilo na kisa na mtu. Siku ile ya mkono, alikumbuka sasa, alipofika hospitali alimkuta mtoto ameshafungwa plasta. Mtu wa shule alikuwa amemleta, walimwambia. Hakuuliza ni nani. Akaifunga kompyuta, akatoka nje, akazunguka uwanja, akarudi.

Alipomwendea mwalimu mkuu alikuwa amepata la kusema. Angejenga jedwali jipya, la walezi. Mtoto aweza kuwa na walezi wengi, mlezi aweza kuwa na watoto wengi, na hakuna anayeingia humo mpaka yule anayeishi na mtoto aseme ndiyo. Anayetaka kumweka shangazi, mjomba, jirani, atamweka. Anayetaka kumweka karani, atamweka. Asiyetaka, pataachwa wazi.

"Wewe ndiye unayesema paachwe wazi?" mwalimu mkuu akauliza.

"Ndiye."

Mwalimu mkuu akakubali shingo upande, kwa sharti kwamba mambo yawe yamekwisha kabla ya kikao cha wazazi, na kwamba kwa sasa jumbe zote za Bwana Hayupo zisimame.

Bi Lazima alikuwa ameshaandaa ujumbe wa kuwatumia akina mama, wenye vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Mzee Muhuri aliusoma kupitia miwani yake ya uzi, akamrudishia simu.

"Huwezi kuomba mtoto wa mtu kwa kitufe," alisema. "Nitawauliza mimi."

Ikawa hivyo. Mchana kutwa, siku baada ya siku, Bi Lazima akijenga jedwali lake maktaba, alimsikia mzee upande wa pili akipiga simu moja baada ya nyingine. Kila mara alianza kwa kukiri. Alisema jina lake, akasema alichokifanya siku ya usajili, akasema amekuwa akizipokea habari za mtoto bila ruhusa, akaomba radhi. Baada ya hapo ndipo aliuliza. Wengine walikata simu kabla hajafika kwenye swali.

Wapo waliocheka. "Mzee, mimi nilidhani shule ndiyo inakulipa kwa hilo! Wewe endelea tu." Yupo bibi aliyekuwa akimlea mjukuu, aliyekubali kwa masharti kwamba karani awe anampigia na yeye kumkumbusha vidonge vya presha. Yupo aliyesema ameolewa sasa, na mume hataki kusikia sauti ya mwanamume simuni, hata awe babu wa babu yake. Yupo aliyelia tu, na mzee akashika simu kimya mpaka alipomaliza. Na wengi, wengi kuliko wote, walisema watafikiria.

"Nitafikiria ni ndiyo au ni hapana?" Bi Lazima alimwuliza. Alikuwa anajaza majibu.

"Ni hapana yenye adabu."

"Niandike nini?"

"Usiandike. Paache."

Akapaacha. Akaona halikuwa jambo la kuua mtu.

Muuguzi hakungoja kupigiwa. Alikuja mwenyewe, safari hii akibisha hodi, amevaa nguo za nyumbani, na akasimama mbele ya meza ya karani. Mlango wa maktaba ulikuwa wazi. Bi Lazima akaacha kuandika.

"Mzee," alisema muuguzi, "sina ubaya na wewe. Siku ile ulinisaidia, na sikukushukuru, nakushukuru leo."

"Nimepokea."

"Lakini jibu langu ni hapana."

Mzee Muhuri akaitikia kwa kichwa taratibu. Hakuuliza kwa nini, lakini yule mama alikuwa amekuja na sababu yake na hakutaka kurudi nayo.

"Mume wangu alikufa mtoto akiwa mchanga. Nyumbani kiti chake kipo. Hakikaliwi. Wageni wakija wakabanana, hakikaliwi. Binti yangu anajua kwamba pale pana mtu, ila hayupo. Wewe ukiandikwa, hata kwa wema, atajua pana mtu mwingine. Mimi nataka pawe patupu, kwa heshima yake. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mama. Kwangu pia kipo kiti."

Wakatazamana, wajane wawili, kisha muuguzi akaaga. Bi Lazima alibaki ametazama kioo. Kwa miaka yote ya kazi yake alikuwa ameihesabu nafasi tupu kuwa ni jibu lililokosekana. Haikumpitia kichwani kwamba mtu anaweza kuitunza, akaifuta vumbi, akamkataza mgeni kuikalia. Akaandika kwenye jina la yule binti: mlezi, mama peke yake. Sehemu ya baba akaipita.

Hesabu ilipofungwa, watoto waliobaki kwa Mzee Muhuri walitosha vidole vya mkono mmoja. Mjukuu wa yule bibi wa vidonge alikuwamo, na yule mtoto wa homa, na wengine. Mzee aliyasoma majina yao akakubali. Hakunung'unika, lakini alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, na Bi Lazima akajishughulisha na waya wa chaji.

Palibaki kumwondoa Bwana Hayupo mwenyewe. Bi Lazima angeweza kulifanya akiwa nyumbani, kimyakimya, lakini aliona si haki. Akaileta kompyuta mezani kwa karani, akaigeuzia kwake.

"Hakuna tena anayemtegemea," alisema. "Futa wewe."

Kiunzi kikaonyesha kitakachofutika. Ulikuwa mstari mmoja. Mzee Muhuri akausoma kwa sauti, "Mzazi, Hayupo Hayupo," akangoja kama kuna mengine yanakuja. Hayakuja.

"Peke yake," alisema.

"Peke yake."

"Alikuwa na familia kubwa sana, huyu bwana."

Akabonyeza. Kikauliza kama ana hakika, akabonyeza tena, mara ya pili kwa kujiridhisha. Jina likatoweka. Mzee akairudisha kompyuta, akachukua karatasi za uhamisho zilizomngoja, akaanza kuzigonga muhuri.

Bi Lazima hakuondoka. Alikunja waya, akaukunjua, akaukunja. Alikuwa mtu aliyezoea kuuliza maswali kupitia visanduku, na kuuliza kwa mdomo kulimshinda kidogo.

"Mzee, mimi hujanipigia."

"Wewe hukuwamo. Binti yako ana baba. Nilimsajili mwenyewe, ulijaza kila kitu, nikafurahi, nikasema leo nimepata mama mmoja asiyenisumbua."

"Nilijaza," alisema Bi Lazima. "Hajafungua hata ujumbe mmoja."

Muhuri ukasimama hewani. Karani akaushusha pembeni, si juu ya karatasi. Hakumpa pole, na Bi Lazima alimshukuru moyoni kwa hilo.

"Nani alimpeleka hospitali, siku ya mkono?" aliuliza.

"Ujumbe haukuja kwangu siku hiyo," alisema Mzee Muhuri. "Nilimsikia analia, nikamchukua. Alikuwa anakuita wewe."

Bi Lazima akakaa kwenye kiti cha wageni.

"Naomba uwe mlezi wake."

Mzee alivuta kompyuta karibu, akafungua jedwali jipya, akatafuta jina la mtoto kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi. Bi Lazima akamwacha atafute.

"Asipofika shuleni," aliuliza karani, "nimpigie nani kwanza?"

"Mimi."

"Usipopokea?"

Alifungua mdomo kujibu. Mama yake alikuwa mbali, na masikio hayakumsaidia tena. Yeye na kaka yake walikuwa hawazungumzi. Marafiki alikuwa nao, wa kazini, wale wa kutaniana, na hakuna hata mmoja aliyejua nyumba yake iko wapi. Kichwani akawapitia wote tena, mmoja mmoja.

"Hakuna," alisema.

Mzee Muhuri akapatazama pale kwenye kioo, kisanduku kikiwa wazi, hakina nyota.

"Basi hapo usiandike kitu," alisema. "Nitakwenda mwenyewe."